VIZUIZI NA MILANGO

Hotuba iliyosomwa na mmoja wa wazee wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Eldoret



Nashukuru kwa heshima niliyopewa na Kamati ya kusimama mbele yenu siku ya leo, baada ya hesabu za mwaka kusomwa na kabla ya kura kupigwa. Katibu wetu aliponiandikia barua, aliniomba niseme juu ya jambo lolote lenye faida kwa chama. Nilifikiri siku nyingi, kisha nikachagua kusema juu ya vizuizi, maana sioni jambo linalomgusa kila mwanadamu, mkubwa na mdogo, tajiri na maskini, kuliko hilo. Mtoto hajaanza kutembea sawasawa, na tayari kizingiti cha mlango kimekwisha kumwangusha. Na mzee, ajapokuwa na mali nyingi, mwisho hukutana na kizuizi ambacho hakuna awezaye kukivuka akarudi.

Vizuizi ni vya namna nyingi. Nitataja namna nne ambazo historia ya mji wetu huu imetuonyesha wazi, kisha nitataja ya tano, ambayo imo ndani ya daftari letu wenyewe. Nawaomba mnivumilie katika hizo nne, kwa kuwa hiyo ya tano ndiyo iliyonisimamisha hapa.

Kizuizi cha kwanza: nchi yenyewe

Kizuizi cha kwanza ni kile kilichowekwa na Mwenyezi Mungu, yaani mlima, mto, msitu, matope na umbali. Uwanda huu wa Uasin Gishu haukuwa rahisi kufikiwa. Upande wa mashariki kuna genge kubwa la Elgeyo linaloshuka mpaka bonde la Kerio, na upande wa kusini kuna milima na misitu ya Timboroa. Mwaka 1908, Makaburu walioongozwa na Jansen van Rensburg walifika Nakuru kwa gari la moshi, lakini kutoka pale iliwabidi wapande huku kwa magari ya kukokotwa na maksai, wakikata njia msituni na kuzama katika matope. Safari ambayo leo basi huimaliza kwa saa chache iliwachukua majuma mengi. Reli haikufika Eldoret mpaka mwaka 1924, baada ya kupandishwa Timboroa, mahali palipo juu zaidi ya futi 9,000 kutoka usawa wa bahari. Wazee wetu ndio waliobeba mataruma na kuchimba udongo, ijapokuwa majina yao hayakuandikwa popote.

Kizuizi cha namna hii kina sifa moja nzuri: hakina chuki. Mto Sosiani ukifurika haumwulizi mtu jina la baba yake. Humzuia Mzungu na Mwafrika, Mnandi na Mluhya, Mkikuyu na Mjaluo, Mhindi na Mwarabu, wote pamoja. Na kwa kuwa huwazuia wote, watu hukusanyika wakajenga daraja moja, wakalipita wote. Kama vizuizi vyote vingekuwa vya namna hii, nisingekuwa na hotuba ya kusoma leo.

Kizuizi cha pili: sheria

Kizuizi cha pili ni kile ambacho mtu humwekea mwenziwe kwa kalamu. Nchi hii haikuwa tupu Makaburu walipofika. Jina lenyewe la Uasin Gishu ni la Wamasai waliolisha hapa katika karne ya 19, na baada yao Wanandi walichunga ng'ombe wao katika nyasi hizi. Wanandi walipigana na Waingereza kwa miaka mingi, mpaka kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa tarehe 19 Oktoba 1905. Baada ya hapo ardhi ilipimwa na kugawanywa kwa namba. Posta ilifunguliwa mwaka 1910 juu ya shamba namba 64, na ndiyo sababu wazee waliuita mji huu Sisibo kwa muda mrefu, ingawa jina la Eldoret lilikwisha kutangazwa mwaka 1912.

Tazameni basi jinsi kizuizi cha kalamu kinavyofanya kazi. Hakuna mlima, hakuna mto. Pana mstari tu katika ramani. Mwaka 1939 amri iliyotoka Uingereza ilithibitisha mipaka ya Nyanda za Juu kuwa za Wazungu, na Mwafrika hakuweza kumiliki shamba ndani yake. Aliruhusiwa kuishi humo kama mfanyakazi tu. Kwa sheria ya mwaka 1918 aliyekaa katika shamba la mlowezi alipaswa kumfanyia kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Na kabla yake, mwaka 1915, ilikuwa imetungwa sheria ya kipande, ambayo ilianza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza.

Vijana wetu hulisikia neno kipande kama hadithi. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa shamba katika wilaya hii, na kipande chake nimekishika kwa mikono yangu. Kilikuwa karatasi iliyokunjwa ndani ya kijisanduku cha bati, nacho hutundikwa shingoni. Ndani yake paliandikwa jina, kabila, alama za vidole, na majina ya mabwana aliowatumikia. Mtu akiacha kazi bila bwana wake kutia sahihi, aliweza kukamatwa na kushtakiwa. Baba alikuwa akisema kwamba kijisanduku kile kilikuwa chepesi kama yai, lakini alipokivua kwa mara ya mwisho shingo yake ilimwuma kwa siku tatu, kwa kuwa ilikuwa imezoea kuinama.

Walakini kizuizi cha kalamu kina udhaifu wake: kilichowekwa kwa kalamu huweza kuondolewa kwa kalamu. Mwaka 1944 Eliud Mathu aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria, Mwafrika wa kwanza. Mwaka 1957 Waafrika wanane walichaguliwa kwa kura, ingawa kura yenyewe ilipimwa kwa mizani ya ajabu: aliyesoma au aliyekuwa na mapato makubwa aliweza kupewa kura zaidi ya moja, na maskini wengi hawakupewa hata moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mpaka wa Nyanda za Juu uliondolewa, na tarehe 12 Desemba 1963 tukapata Uhuru. Kazi ile ilifanywa na watu wengi, nao walilipa kwa vifungo na kwa damu. Hatuna ruhusa ya kuisahau.

Kizuizi cha tatu: ujinga, lugha na umri

Kizuizi cha tatu ni kutojua. Mtu asiyejua kusoma hutembea mjini kama kipofu. Huweka kidole gumba mahali asipopajua, na mwenye hila humla mali yake mchana kweupe. Na hata ajuaye kusoma huweza kuzuiwa na lugha. Mtakumbuka kwamba mpaka mwaka 1974 mbunge wa nchi hii hakuweza kusema Kiswahili Bungeni. Mtu aliyechaguliwa na maelfu ya wananchi alilazimika kunyamaza kama hakujua Kiingereza vizuri. Siku hizi Katiba ya mwaka 2010 yasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Hata hivyo, mara ngapi mwanachama wetu huenda katika ofisi akapewa karatasi asiyoielewa, naye akaona haya kuuliza?

Katika jambo hili mji wetu ulitoa mfano uliosikika duniani kote. Mwaka 2003 Serikali iliondoa karo katika shule za msingi. Mwezi wa Januari 2004, mzee Kimani Ng'ang'a Maruge, mwenye umri wa miaka 84, alijiandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, hapa Eldoret. Alivaa kaptula na soksi ndefu kama watoto, akakaa dawatini pamoja nao. Alikuwa amepigana katika vita vya Mau Mau, wala hakupata nafasi ya kusoma. Alisema alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe na kujua kuhesabu fedha zake. Mwaka 2005 alisafiri mpaka New York, akasema mbele ya Umoja wa Mataifa juu ya elimu ya bure kwa watoto.

Wengine walimcheka. Waliona kwamba mzee kukaa na watoto ni kuvunja heshima. Mimi pia nilikuwa miongoni mwa waliotabasamu. Lakini fikirini: karo ilikuwa kizuizi, nayo Serikali iliiondoa, umri ulikuwa kizuizi, nao hakuna Serikali iwezayo kuuondoa, na haya ilikuwa kizuizi cha tatu, nayo ni mzee mwenyewe tu aliyeweza kuivuka. Mtu aweza kufunguliwa milango yote ya nje, akabaki nje kwa sababu ya mlango ulio moyoni mwake.

Kizuizi cha nne: hofu ya jirani

Nafika sasa mahali ambapo ulimi wangu ni mzito. Kizuizi cha nne ni hofu ya jirani kwa jirani. Hicho hakikuletwa na mto, wala hakikuandikwa katika ramani. Tulikijenga wenyewe, kwa mawe na magogo, barabarani, mwezi wa Januari 2008.

Sina haja ya kuwasimulia. Tarehe 1 Januari mwaka ule kanisa la Kiambaa, karibu na mji huu, lilichomwa moto likiwa na wanawake na watoto waliokimbilia humo. Tume iliyoongozwa na Jaji Waki iliandika kwamba watu 1,133 waliuawa nchini katika majuma yale. Uwanja wetu wa maonyesho, ambao watu walizoea kuujia kutazama ng'ombe na mahindi, ulijaa mahema ya wasio na makao. Mzee Maruge naye alipoteza makao yake, akaishi katika hema la wakimbizi pamoja na waliofukuzwa. Ndiye yule yule aliyekuwa ametuletea sifa. Baadaye alihamia Nairobi, na huko alifariki dunia mwezi wa Agosti 2009, akiwa bado anasoma.

Mimi nilisimamishwa penye kizuizi kimoja, si mbali na nyumbani kwangu. Kijana aliyenisimamisha nalimfahamu tangu alipokuwa akibebwa mgongoni. Alinyosha mkono, akasema, "Shikamoo mzee. Kitambulisho." Aliniamkia kwanza kwa adabu aliyofundishwa na mama yake, kisha akataka karatasi ili alitazame jina langu ajue kama nitapita au sitapita. Nilimpa. Nilipita. Lakini wakati akiisoma karatasi ile nilikumbuka kijisanduku cha bati cha baba yangu. Nikajiuliza: Je, tuliondoa kipande shingoni ili tukiulizane sisi kwa sisi barabarani?

Katika majuma yale mwenzetu mmoja wa chama alifariki kwa ugonjwa wa kawaida. Fedha za matanga zilikuwamo bankini, timamu. Kanuni zilikuwapo. Waliokosekana ni watu. Wengine walikuwa mahemani, wengine waliogopa kupita njia, na wengine, tuseme kweli, hawakutaka kuonekana wakimzika mtu wa kabila lile. Alizikwa na watu wanne. Chama hiki kiliundwa ili mtu asizikwe na watu wanne. Kuanzia siku hiyo nilifahamu kwamba chama si fedha iliyomo sandukuni, bali ni njia iliyo wazi kati ya nyumba na nyumba.

Si kila kizuizi ni kibaya

Huenda baada ya kusikia haya, kijana mmoja atasema: basi na tuviondoe vizuizi vyote. Mwanangu, ngoja kidogo. Mfugaji wa wilaya hii hawezi kulala usingizi bila boma. Mkulima asipozungushia mahindi yake seng'enge, atavuna mabua yaliyobakizwa na ng'ombe wa jirani, na ugomvi utaanza. Sheria ni kizuizi kwa mwizi. Haya ni kizuizi kwa mlevi. Desturi inayomkataza mkwe asiseme maneno ya upuuzi mbele ya mama mkwe ni ukuta, nao umelinda nyumba nyingi. Hata chama chetu kina vizuizi: kuna ada, kuna muda wa kungoja kabla ya kupata msaada, kuna faini ya kutofika mkutanoni. Bila hivyo sanduku lingekauka kwa mwezi mmoja.

Kwa hiyo swali si kama pana kizuizi au hapana. Kila tuonapo kizuizi yafaa tukiulize maswali matatu. La kwanza: chalinda nini? Maana kiko kizuizi kilichowekwa kulinda kitu, na kile kitu kikaisha, lakini kizuizi kikabaki kwa mazoea tu. La pili: kina mlango? Boma lenye mlango ni makao. Boma lisilo na mlango ni kaburi. La tatu: aliye nje amepata kuulizwa neno lolote? Mipaka ya Nyanda za Juu ilishindwa maswali yote matatu. Ilinda faida ya wachache, haikuwa na mlango, na aliyefungiwa nje hakuulizwa.

Funzo la wakimbiaji wetu

Kuna jambo moja ambalo watu wa Eldoret hawahitaji kufundishwa na mtu wa mbali, nalo ni mbio. Nyote mwajua mbio za kuruka viunzi na maji. Ni mita 3,000, na katika mwendo huo mkimbiaji huruka viunzi mara 28 na shimo la maji mara 7, jumla 35. Kiunzi cha wanaume kina kimo cha sentimita 91.4. Si kama vile viunzi vyepesi vya mbio fupi, ambavyo huanguka vikiguswa. Hiki ni gogo zito, na ukiligonga, wewe ndiwe utakayeanguka.

Mwaka 1968, huko Mexico, Amos Biwott alishinda nishani ya dhahabu katika mbio hizo, akiruka maji kwa namna ambayo wenziwe hawajaiona. Mwaka 1972, huko München, Kipchoge Keino alishinda mbio hizo hizo, ingawa hazikuwa mbio alizozizoea. Tangu 1968 mpaka 2016, kila Michezo ya Olimpiki ambayo Kenya ilihudhuria, nishani ya dhahabu ya mbio hizo kwa wanaume ilikuja Kenya.

Nataka mtazame mambo mawili. La kwanza: kanuni zinamruhusu mkimbiaji kukikanyaga kiunzi. Wengi hukanyaga juu ya kile cha penye maji, wakakitumia kama ngazi ya kuwarusha mbali. Basi kiko kizuizi ambacho hakiondoleki, lakini mwenye akili hukifanya ngazi. Mji wetu wenyewe una hadithi ya namna hiyo. Yasimuliwa kwamba katika siku za mwanzo sanduku la chuma la benki lilianguka kutoka garini, likawa zito mno kuliinua, basi wakajenga benki kulizunguka pale lilipoangukia. Kama ni kweli au ni mzaha wa wazee, funzo lake ni jema.

Jambo la pili latuhusu zaidi. Wanaume walianza kuruka viunzi hivyo katika Olimpiki tangu zamani sana. Wanawake hawakuruhusiwa mpaka mwaka 2008, huko Beijing. Mwaka huo huo wa kwanza, binti wa Kenya, Eunice Jepkorir, alipata nishani ya fedha. Sasa niulizeni: miguu ya wanawake ilianza kupata nguvu mwaka 2008? Hasha. Nguvu ilikuwapo siku zote. Kilichokosekana ni kanuni ya kuwaruhusu.

Kizuizi cha tano: daftari letu

Bwana Mwenyekiti, hapa ndipo nilipokuwa nikipaendea.

Kanuni yetu ya uanachama yasema kwamba mwanachama akifariki, chama kitamzika kwa heshima na kuwapa wafiwa fedha za matanga. Kisha jina lake litafutwa, na haki yake itakoma, ila mwanawe wa kiume aliyetimiza umri akijiandikisha mahali pake. Mjane hakutajwa. Wazee walioandika kanuni hiyo hawakuwa watu wabaya. Siku zile waliona kwamba mjane atatunzwa na ukoo wa mumewe, na kwa hiyo hakuna haja ya kumwandika. Kanuni ilikuwa na kitu cha kulinda. Lakini leo, hapa mjini, ukoo uko mbali, na wakati mwingine hao wa ukoo ndio wa kwanza kuja kuhesabu mabati ya nyumba.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa Mweka Hazina wenu. Palikuwa na mwanachama mmoja ambaye ada yake haikupata kuchelewa hata mwezi mmoja kwa muda wa miaka kumi na mmoja. Aliyeileta ofisini siku zote alikuwa mkewe, aliyeuza mboga sokoni. Noti zake zilikuwa na unyevu wa sukumawiki. Nilikuwa nikizianika dirishani kabla ya kuziweka katika sanduku. Mumewe alipofariki tulimzika vizuri, tukampa mjane fedha zake, nami nikachukua rula nikapiga mstari juu ya jina, kama ilivyo kanuni.

Baada ya mwaka na nusu binti yake aliyekuwa sekondari alifariki. Mama yule alikuja mlangoni kwangu asubuhi na mapema. Hakulia. Aliniuliza tu, "Mzee, naweza kutazama daftari?" Nikalifungua. Alitazama mstari ule, akaniuliza, "Hizi fedha za miaka kumi na mmoja, zilikuwa za nani?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia kwamba kanuni hainiruhusu. Akasema, "Ahsante, mzee," akaondoka. Majirani walichanga, wakamzika mtoto. Chama hakikuwapo.

Wenzangu, mtu yule hakuzuiwa na mlima Timboroa, wala hakuzuiwa na Gavana. Alizuiwa na mimi, kwa daftari lililokuwa mkononi mwangu. Nimesema kwa hasira juu ya mabwana waliotia sahihi katika kipande cha baba yangu, lakini siku ile mimi nilikuwa bwana yule. Nimelibeba jambo hili kwa muda mrefu, na umri wangu hauniruhusu kuendelea kulibeba kimya.

Pendekezo lililo mbele yenu

Kamati imeleta pendekezo kwamba mjane wa mwanachama, au mgane, akitaka, aendelee na uanachama kwa jina lake mwenyewe, bila kulipa kiingilio kipya na bila kuanza tena muda wa kungoja, maadamu anatoa ada ya kila mwezi kama wengine wote. Nimesikia wazee wakinong'ona maneno matatu, nami nitayajibu kwa heshima.

Neno la kwanza ni kwamba sanduku litapungua. Ndugu zangu, mjane atakayeandikwa ni mjane atakayelipa. Tunapomfuta tunapoteza ada yake pia. Kamati haikuomba sadaka. Imeomba tupokee fedha za mtu na tumpe haki yake.

Neno la pili ni kwamba ataolewa tena, na mali ya chama itakwenda katika ukoo mwingine. Je, mwanamume akioa mke wa pili tunamfuta? Mbona haki yake haihami? Isitoshe, sheria za nchi zimekwisha kutangulia. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inamtambua mjane. Na Katiba ya mwaka 2010 inataka kuondolewa kwa ubaguzi wa kijinsia katika mambo ya ardhi. Haifai daftari la matanga liwe nyuma ya hati ya shamba.

Neno la tatu, na hili ndilo zito, ni kwamba desturi yakataa. Nami naipenda desturi. Lakini desturi iliyo ya kweli, katika makabila yetu yote yaliyomo humu ndani, husema kwamba mjane na yatima wasiachwe nje usiku. Namna ya kuwalinda ilikuwa ya wakati ule. Nia ya kuwalinda ni ya siku zote. Tukishika namna tukaacha nia, tumeshika ganda tukatupa kokwa.

Angalieni kwamba pendekezo hili halibomoi ukuta wa chama. Ada iko pale pale. Faini iko pale pale. Mgeni bado atangoja muda wake. Linalofanywa ni kutoboa mlango mahali pasipokuwa na mlango, kwa mtu aliyesaidia kuujenga ukuta.

Mji wetu ulipewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024. Nimefurahi kama ninyi. Watu wa kila kabila na kila dini wanazidi kuja, na nyumba zinazidi kupanda juu. Lakini jiji si majengo. Ukitaka kujua kama watu wamefika katika ujiji, usitazame ghorofa zao. Tazama ni nani anayesimama nje ya mlango wao asubuhi na mapema, na kama kuna mtu ndani anayeinuka kumfungulia.

Mama yule bado yu hai, na bado anauza mboga. Sikumwomba ruhusa ya kumtaja, kwa hiyo sikumtaja. Lakini nimemwahidi kwamba jioni ya leo nitapitia sokoni kumpa habari ya kura yenu, iwe ndiyo au iwe siyo. Nawaombeni mnipe habari ambayo mzee wa umri wangu aweza kuitamka bila kutazama chini.

Bwana Mwenyekiti, Wazee, Mabibi na Mabwana, nimekwisha. Mungu akibariki chama chetu, na atupe sote akili ya kujua ukuta upi tuutunze na upi tuutoboe mlango.